Roadster yangu imeoza kapeti, nianzie wapi?

Raskazone91

Wakuu, salaam. Nipo Tanga, nina Eunos Roadster ya 1991, kigari cha Mazda cha viti viwili chenye paa la turubai, ile V-Special ya kijani yenye viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa na usukani wa mbao wa Nardi. Injini ni 1.6, imetulia, sina neno nayo. Shida iko ndani.

Masika iliyopita ililala nje wiki tatu nikiwa Dodoma. Niliporudi nikafungua mlango, harufu ilikuwa ya gunia la dagaa lililonyeshewa. Kapeti nyuma ya viti lilikuwa chepechepe, na upande wa abiria maji yalishafika miguuni. Nimelianika siku nne, likakauka juu, lakini nikilikanyaga bado linatoa maji. Sasa lina ukungu mweusi, na mbao za milango zimevimba kwa chini. Mke wangu hapandi tena.

Fundi mmoja hapa mtaani anasema atanikatia kapeti jeusi la nyumbani, lile la kuuzwa kwa mita, aligundishe juu ya hili lililopo, na jioni niondoke na gari. Moyo unakataa. Gari hii niliipendea ndani. Naomba kujua: kuna ubaya gani kufanya hivyo? Nikishona jipya, nibaki na rangi ileile au niende nyeusi isiyochafuka upesi? Na viti vimekauka na kufanya nyufa ndogondogo, vinaokoleka? Nina boksi la spana na nina subira, naweza kufungua mwenyewe.

Fundi wa Viti, Ilala

Kaka, usikubali kapeti juu ya kapeti. La zamani lina tabaka nene la chini, na hilo ndilo linalokunywa maji. Jua halifiki kule. Ukilifunika, umelivisha bati la sakafu nguo mbichi, tena Tanga kwenye hewa ya chumvi. Kuna gari niliyowahi kuifungua hapa karakana, tukainua kapeti, bati limeoza, tukaona mchanga wa barabarani.

Nashona ndani za magari mwaka wa kumi na tisa sasa, na kila kapeti lililooza nililolitoa lilikuwa na mahali linapoloweshwa. Pata hapo kwanza, kabla hujanunua hata nusu mita. Kwenye Roadster za toleo hilo, mvua inayoteremka kwenye turubai hukusanywa na mfereji nyuma ya viti, halafu inaingia kwenye mirija miwili, mmoja kila upande, nyuma ya nguzo za mikanda, na kumwagika chini ya gari mbele ya matairi ya nyuma. Mrija ukiziba kwa majani na vumbi, maji yanafurika kuja ndani, na panapolowa kwanza ni nyuma ya viti. Ndivyo ulivyoeleza. Usichokonoe kwa waya wa chuma, utatoboa mrija. Chukua uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi, uuzungushe polepole, kisha mimina kikombe cha maji na uchungulie kama yanatoka chini.

Viti vina bolti nne kila kimoja, spana ya 14. Kama vina spika kichwani, chomoa soketi chini ya kiti kabla hujakinyanyua. Kitasa cha gia kinatoka kwa kuzungusha. Kwenye boksi la katikati kuna skrubu zinazojificha chini ya kisahani cha majivu, usivute kwa nguvu ukadhani limeganda. Piga picha kila hatua.

Ukishafika kwenye gia, tazama buti la mpira la ndani, yaani kifuniko kinachozunguka mti wa gia kwa chini, siyo lile la ngozi unaloliona kila siku. Hupasuka kwa uzee, na joto la giaboksi na kelele zinapanda mpaka kwenye kiti. Wateja wananiletea gari wakitaka kapeti nene kwa sababu mguu unaungua, kumbe ni huo mpira. Badilisha ukiwa umeshafungua.

Sakafu isugue kwa brashi ya waya, paka dawa ya kutu, kisha red oksaidi, na uiache ikauke siku mbili. Chini ya kapeti weka sponji ya jamii ya kandambili. Itumbukize kwenye ndoo uikamue: isipotoa tone, hiyo ndiyo. Sponji ya godoro hapana.

Kapeti la zamani usitupe, ndiyo ramani yako. Litandaze juu ya jipya, chora kwa chaki, kata ukizidisha vidole vitatu kila upande. Anza kulilaza juu ya mgongo wa giaboksi, ulipashe kwa hewa ya moto na kulikandamiza kwa viganja mpaka likubali umbo, ndipo ushuke pande mbili. Matundu ya bolti yawe ya mwisho. Simamisha bisibisi fupi kwenye kila tundu chini ya kapeti, utaona kinundu. Toboa hapo kwa msumari wa moto, nyuzi hazitafumuka. Na kabla hujarudisha kiti, kandamiza pedali ya mafuta kwa mkono mpaka mwisho. Ikigusa kapeti, punguza sponji mahali hapo. Hilo usilipuuze hata kama umechoka.

Rangi ibaki ileile. Nyeusi chini ya viti hivyo itaonekana kiraka.

Binti Likoni

Kakangu, pole. Yangu ni ya 1993, nami niliyapitia hayo hapa Mombasa. Fundi amemaliza habari ya sakafu, nami niseme milango. Ukitoa ile mbao utakuta, au ulipaswa kukuta, karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye bati. Hiyo huzuia maji yanayoteremka kwenye kioo yasifike kwenye mbao. Kwangu kuna mtu aliing'oa zamani alipotengeneza kioo, hakuirudisha. Nilikata mpya kwa nailoni nzito na kuibandika ukingo mzima. Mbao zenyewe nilimpelekea seremala wa maboti, akanikatia mpya za plaiwudi ya milimita 3 kwa kufuata za zamani, nikapaka vanishi hasa kwenye kingo, maana maji huanzia hapo.

Viti usivikatie tamaa. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi laini, futa, kausha kivulini, kisha mafuta ya ngozi kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Petroli na thina visikaribie. Ufa uliofika kwenye sponji ndio unaohitaji kubadilishwa kipande, na kipande hicho tu. Na yale mafuta ya kung'arisha dashibodi yasiguse usukani wala pedali, yanateleza.

Raskazone91

Fundi, dada, ahsanteni sana. Jumamosi nimefungua. Mrija wa kushoto ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini yaliyogeuka udongo, na ndani yake mche ulishaanza kuota! Nilipouzibua, maji yalitoka chini kama bomba. Wa kulia ulikuwa mzima. Sakafu ina kutu ya juu tu upande wa abiria, bisibisi haipenyi popote. Buti la mpira la gia limechanika nusu duara, kama ulivyosema. Plastiki za milango hazipo zote mbili.

Nilipolitoa kapeti, kipande kilichokuwa kimebanwa chini ya boksi la katikati hakijawahi kuona jua. Rangi yake ni nzito kuliko nilivyoizoea, karibu na asali. Nimekikata kiganja kizima. Wiki ijayo nakuja nacho Dar kutafuta kinachofanana nacho. Fundi, nitapitia Ilala kwanza unitazamie kwa macho yako kabla sijalipia.