Tupeane uzoefu: ukiacha cheti, chuo kilikubadilisha nini kichwani?

Mleta mada: Wakuu, salama? Kwa waliosoma huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Chuo cha Mkwawa au RUCU kule Iringa, MUST au TEKU hapa Mbeya: mambo ya ajira tuyaweke kando, yana nyuzi zake. Nataka kile unachokiona tofauti sasa na ulivyokiona form six. Naanza mwenyewe. Pale MUST nilikaa chumba kimoja na Mkurya na Mpemba. Usiku ni ubishi mpaka jirani agonge ukuta, asubuhi tunachangia sabuni. Siku hizi mtu akinipinga hanikasirishi.

Kamwene: Mimi nimekulia Iringa, jirani na makumbusho ya Kalenga. Fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nimeliona pale tangu shule ya msingi, kwangu lilikuwa kama mlima, lipo tu. Nikaingia Chuo cha Mkwawa kusoma ualimu wa historia. Siku moja kwenye semina mhadhiri akauliza: "Limejulikanaje kuwa ni la kwake?" Wahehe tulikuwa wengi mle ndani, wote kimya.

Ndipo nikaanza kusoma. Mkwawa alijipiga risasi 1898, Wajerumani wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaitaka Ujerumani ikabidhi fuvu, halikurudi mpaka 1954. Gavana Mwingereza wa Tanganyika, Twining, alilipata kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kati ya mafuvu mengine kibao, akalichagua kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Yaani walipima vichwa vya watu!

Likizo nikamsimulia babu. Akaweka chini pombe yake ya ulanzi: "Kwa hiyo tumekusomesha uje utunyang'anye kichwa cha Mtwa?" Sikumbishia. Ila tangu hapo nikiambiwa jambo, hata kanisani, linanijia lile swali la mhadhiri. Mke wangu keshalichoka.

Lumbesa: Hongereni. Mimi na uhasibu wangu nimebaki na deni la mkopo. Akili nimeipatia soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwenye biashara ya viazi. Dalali anamfungia mkulima gunia mpaka linaota kichwa cha pili, bei ni ya gunia moja. Mimi naenda shambani na mzani, nalipa kwa kilo. Chuo hakikunifundisha hilo.

Mleta mada: Mkuu, kupiga hesabu kwa kilo si ndio uhasibu wenyewe?

Lumbesa: Mama hajakanyaga darasa na hesabu hizo anazipiga kichwani kunishinda. Labda chuo kimenipa jeuri ya kumtolea dalali karatasi na kalamu mbele ya watu.

Binti Tukuyu: Mimi ni kusema "sijui". Ukiwa msomi wa kwanza kwenye ukoo wanakuletea kila karatasi, hadi ya dawa ya ng'ombe. Zamani ningebuni jibu kulinda heshima. Sasa nawaambia ngojeni nimuulize bwana mifugo, na wamezoea.

Mleta mada: Hiyo ya dawa ya ng'ombe imeniua. Wa TEKU na RUCU, mbona mnachungulia tu?