Ngoma na vipepeo kwenye maonyesho: mwanga na wadudu

Wadau, makumbusho yetu hapa Karamoja, Uganda, yanaandaa maonyesho ya ngoma za ngozi na vipepeo waliokaushwa. Mwanga uwe kiasi gani? Na wadudu je?

Jibu: Usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Pimeni pale kipepeo alipo, si dirishani. Rangi ya mabawa ikipauka hairudi tena!

Jibu: Unga laini chini ya sanduku la vipepeo ni dalili ya wadudu. Fungeni sanduku kwa plastiki, ligandisheni kwa nyuzi hasi 20 wiki mbili. Msifungue kabla ya saa 24 kupita nje ya friza, vinginevyo unyevu hutua kwenye mabawa na ukungu hufuata. Ngoma iliyowambwa sana msiigandishe, ngozi yaweza kupasuka.

Jibu: Watoto wa shule watataka kupiga, na wana haki. Wawekeeni ngoma mpya pembeni.