Riwaya ibebe siasa, au siasa waachiwe wanasiasa?

Dada Sakina: Wadau, kuna kauli inazunguka hapa mjini kwamba mwandishi wa riwaya asiyegusa siasa anapoteza wino. Mimi naipinga. Mhusika akishaanza kuhutubia ukurasa mzima, msomaji anafunga kitabu. Hotuba zina majukwaa yake. Mnasemaje?

Mzee wa Kiboriloni: Inategemea umeipitishia mlango gani. Chukua kahawa. Mama wa Kibosho anafikisha kahawa yake ya maganda AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, karani anapima, anatoa uzito wa gunia, anaandika risiti ya malipo ya awali. Malipo ya pili yanasubiri mnada wa Moshi, na hapo katikati kuna makato: usafiri, ukoboaji, ushuru wa chama, mkopo wa pembejeo. Sasa mwonyeshe mama anaisoma risiti kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka anauliza, "Na hili nalo la nini?" Karani hajibu, anamwita anayefuata. Hapo siasa umeshaisema, na hujataja chama wala waziri.

Chalii wa Unga Ltd: Shikamoo mzee, lakini hiyo ni kujificha nyuma ya risiti. Kezilahabi alitoa riwaya ya Gamba la Nyoka mwaka 1979, mambo ya vijiji vya ujamaa yangali ya moto, na akayasema. Sisi tunaishi kwenye mji uliozaa Azimio la Arusha tunaandika mapenzi ya chuo na wachawi. Tena hivyo vitabu vya kujichapishia vya huku kwetu, ukifika sura ya 3 kurasa zote ziko mapajani.

Mchapaji Soweto: Mapajani? Kijana, usitukane ufundi usioujua. Kitabu cha A5 cha kurasa 160 ni karatasi 40 za A4, pande mbili. Mgongo unakatwa, unakwaruzwa, ndipo unapakwa gundi ya moto ya nyuzijoto 160 hadi 180. Usipokwaruzwa, gundi haina pa kuuma. Umeme ukikatika katikati ya kazi, gundi inapoa na kushika juujuu tu. Halafu mwandishi anakuja na faili la Word usiku wa kuamkia uzinduzi, anataka nakala 200 asubuhi. Gundi haijatulia, watu wameshaanza kuzikunja kutafuta sahihi yake. Hapo wa kulaumiwa ni nani?

Binti Majengo: Umeruka moja, kaka. Nyuzinyuzi za karatasi. Zinatakiwa ziende sambamba na mgongo. Zikikatiza, kitabu kinakakamaa, msomaji anakilazimisha kifunguke, gundi inapasuka. Kupima ni rahisi: chana karatasi moja kwa urefu, nyingine kwa upana. Inakochanika bila kupinda ndiko nyuzinyuzi zinakoelekea. Wangapi hapo Moshi wanapima kabla ya kukata? Karatasi ya bei nafuu wanaichukua ilivyo.

Mchapaji Soweto: Nani analipia rimu nyingine? Mwandishi huyo huyo anayelia bei ya jalada la gramu 250 na kuomba apunguziwe?

Chalii wa Unga Ltd: Kwani lazima gundi? Bana pini katikati, yaishe.

Binti Majengo: Pini ni kwa kurasa 64 hivi kushuka. Ukizidisha, kitabu kinavimba, karatasi za ndani zinachomoza nje ya zile za juu, na ukizisawazisha kwa kisu unakula ukingo wa maandishi. Jaribu kurasa 160 uone.

Dada Sakina: Jamani, niliuliza siasa.

Mwalimu wa Usa River: Tumo humo humo, dada. Anayechapa kwa fedha yake anaandika anavyotaka, ila anauza kwa mkono. Anayetaka kuingia shuleni anahitaji ithibati, na akishaiwaza hiyo kalamu inaanza kujikata yenyewe. Anajizuia kabla hajazuiwa. Riwaya nyingine ya Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, baadaye ikaja kufundishwa humo humo. Na haikuwa hotuba dhidi ya serikali. Ilisema wanaume wazima wanavyowafanyia wasichana.

Mzee wa Kiboriloni: Ndiyo hoja yangu, Mwalimu. Iliuma bila jukwaa.

Chalii wa Unga Ltd: Mzee, wewe unaikwepa ardhi. Wameru wa huku Arusha walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi. Msemaji wao, Kirilo Japhet, akaenda mpaka Umoja wa Mataifa, mwaka 1954 kama sikosei. Hiyo utaisemaje kwa risiti ya kahawa? Hapo lazima mtu asimame aseme!

Mwalimu wa Usa River: Unakosea. Kufukuzwa ni Novemba 1951, New York ni 1952. Na wakili wao, Earle Seaton, mtu wa Bermuda, ofisi yake ilikuwa hapo Moshi. Unapigia watu kelele kuhusu historia wakati tarehe hujui.

Chalii wa Unga Ltd: Miaka miwili, Mwalimu! Hoja yangu imekufa kwa miaka miwili?

Mwalimu wa Usa River: Haijafa, ila riwaya yako ingekufa. Mhusika wako angekuwa bado anapanga safari wakati Kirilo mwenyewe amesharudi. Na New York si mahali pa kuanzia. Watu walichanga nauli. Anza na daftari la mchango: nani analishika, nani anatoa mwanzo, nani amekaa kimya nyuma ya wenzake kwa sababu ana ndugu anayefanya kazi shambani kwa mzungu.

Dada Sakina: Huyo wa nyuma hahitaji hotuba hata moja.

Chalii wa Unga Ltd: Ila Kirilo mwenyewe alihutubia. Sasa nimfunge mdomo?

Mzee wa Kiboriloni: Mwache aseme, aya moja. Halafu geuza macho kwa anayemtafsiria na kwa wajumbe wanaopekua makaratasi. Ukimpa kurasa 5 mfululizo, umeandika kumbukumbu za kikao.

Chalii wa Unga Ltd: Aya moja ni dharau, mzee. Watu wamechomewa nyumba. Kurasa 2, na sipunguzi hata mstari.