Tupeane uzoefu: parachuti za roketi za maji zinazogoma kufunguka

Mzee wa Pampu
Wakuu, leo nimeshuhudia roketi ya kijana mmoja, chupa ya plastiki inayorushwa kwa maji na upepo wa pampu, ikija chini pua mbele, chupa imejikunja kama kodiani, parachuti imo ndani salama salimini. Mwenye kisa na mwenye dawa waseme.

Binti Mapezi
Kofia ya kulegea hiyo, ile ya puani inayofunika parachuti. Roketi ikipinduka taratibu kileleni, kofia inadondoka. Ikipinduka ghafla, upepo unaikandamiza palepale, haitoki tena.

Chupa Tatu
Kweli kabisa dada.

Fundi Rababendi
Sikubali. Chupa ikijazwa upepo huvimba. Tengeneza kofia ibane kwenye chupa iliyovimba. Upepo ukiisha chupa inanywea, kofia inalegea yenyewe. Na uitoboe tundu dogo, isije ikajinyonya ikang'ang'ania.

Binti Mapezi
Upepo unaisha sekunde ya kwanza, kaka! Roketi bado iko kwenye kasi kali. Mwavuli wa parachuti ukifunguka hapo, kamba zote zinakatika. Weka taima, iufungue baadaye.

Nyuzi Nane
Taima nayo ina yake. Kwenye maonyesho fulani kijana wangu alifunga ile inayotolewa kwenye mwanasesere wa kukaza kwa ufunguo. Inaanza kuzunguka pini ikichomolewa na uzi uliofungwa kwenye kirushio. Uzi ukaloa, ukajisokota kwenye pezi la mkiani, ukakatika. Pini ikabaki. Roketi ikapanda mpaka ikapotelea kwenye jua, watu wanashangilia, mimi natafuta wekundu wa mwavuli sioni. Kisha tukasikia mluzi. Waandaaji walikuwa wamewakalisha watoto upande upepo unakotokea, wakijua parachuti hupeperushwa kwenda upande wa pili. Ikachoma ardhi mbele ya mstari wa kwanza, pua yote imezama. Kuna mtoto alikuwa bado anatazama juu.

Chupa Tatu
Mungu wangu. Aliumia mtu?

Nyuzi Nane
Hakuna. Ila kirushio kilifungashwa siku hiyohiyo.

Jua la Saa Tisa
Ndiyo maana mimi parachuti sina. Sponji nene puani, basi.

Binti Mapezi
Sponji itamsaidia nini aliye chini?

Mgeni Uwanjani
Samahani wakubwa, mwavuli uwe na ukubwa gani?

Fundi Rababendi
Roketi tupu ya gramu 200, kipenyo cha sentimita 45 hivi. Itashuka mita 5 kwa sekunde. Mfuko wa taka unatosha. Kamba nane, urefu sawa na kipenyo, tundu katikati ili isiyumbe. Kunja dakika ya mwisho, nyunyiza poda. Plastiki iliyolala imekunjwa hugandana.

Mzee wa Pampu
Nyuzi Nane, kwa nini iliwafuata waliokaa upande upepo unakotokea?

Nyuzi Nane
Mapezi. Upepo unasukuma mkia, pua inaelekea upepo unakotoka, roketi inapanda ikiegemea huko. Parachuti isipofunguka, huko ndiko inakoangukia. Watu wakae pembeni, mbali, na wote wawe wamesimama.

Binti Mapezi
Na uzi wa pini uwe wa nailoni, mfupi, upite mbali na mapezi.