Kupima na kurekebisha pH ya udongo wa vyungu: vijiti vya chuma, karatasi au kalamu?

Kijani_Daima
Wakuu, habari zenu. Nachanganya mwenyewe udongo wa vyungu: kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) mafungu mawili, mboji iliyoiva fungu moja, makapi ya mpunga yaliyochomwa hadi kuwa meusi fungu moja. Nyanya na pilipili hoho zinaanza vizuri, halafu majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Nimeshauriwa nipime pH, yaani kipimo cha tindikali (7 ni katikati, namba ikishuka tindikali inazidi). Naona njia tatu: kile kipimo cha vijiti vya chuma unachochomeka kwenye udongo, karatasi za kubadilika rangi, na kalamu ya kidijitali. Ipi inafaa kwa chungu? Maelezo mengi ninayokutana nayo ni ya udongo wa shambani. Na nikishapata namba, nirekebishe kwa nini? Nawasilisha.

FundiVyungu
Vijiti vya chuma achana navyo. Mshale wake husukumwa na umeme mdogo unaotokea chuma kinapogusa unyevu, kwa hiyo kiasi cha maji na chumvi kwenye chungu vinauyumbisha kuliko pH yenyewe. Tena mchanganyiko wako una matundu mengi ya hewa, chuma hakishikani na kitu. Chomeka chungu kimoja pande mbili uone kama majibu yatafanana.

Karatasi si mbaya kama unachotaka ni kujua uko karibu na 5 au karibu na 7. Chukua zile za masafa mafupi, si za 1 hadi 14. Kero yake ni kwamba maji ya mboji yana rangi ya kahawia na yanaichafua karatasi. Yaache yatulie, kisha uyachuje kwa kitambaa cheupe.

Kalamu ndiyo chaguo langu, kwa sharti moja: usawazishe kwa vimiminika maalumu vya pH 4.01 na 7.00 kabla ya kupima, na kile kioo cha nchani kisikauke. Ihifadhi kwenye kimiminika chake, si kwenye maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi). Kalamu isiyosawazishwa ni mbaya kuliko karatasi, maana inakudanganya kwa desimali.

Bi_Bustani
Naongezea kwa FundiVyungu: kifaa ni nusu tu ya kazi, nusu nyingine ni namna ya kuchukua maji. Mimi sichimbi udongo kwenye chungu chenye mmea, mizizi inakatika bure. Mwagilia kama kawaida hadi maji yatoke chini. Subiri nusu saa hadi saa moja. Weka kisahani safi chini, kisha mimina juu polepole maji yaliyokenekwa kiasi cha kupata mililita 50 hivi kisahanini. Pima hayo. Ukimimina mengi mno unapima maji uliyomimina, si yaliyokuwa kwenye udongo.

Kwa mchanganyiko ambao haujapandwa: kikombe kimoja cha udongo, viwili vya maji yaliyokenekwa, koroga, acha nusu saa, pima. Na jamani, ukienda kutafuta maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, hakikisha hupewi asidi ya betri. Chupa zinafanana.

MzeeWaMboji
Kijana, kabla hujanunua chochote jua unalenga namba gani. Udongo wa shambani watu wanataka 6.0 hadi 7.0. Mchanganyiko wa chunguni usio na udongo halisi ulenge 5.5 hadi 6.5, kwa sababu humo madini ya chuma na manganizi hupatikana vizuri pH ikiwa chini kidogo. Usione tofauti ya namba moja ukaidharau: 7.5 ina tindikali pungufu mara 10 kuliko 6.5.

Sasa tazama viungo vyako. Kokopiti huwa kati ya 5.5 na 6.8, haina neno. Mboji iliyoiva mara nyingi iko 7 hadi 8. Makapi yaliyochomwa nayo huvuta kwenda juu, hasa yakiwa na majivu. Majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa madini ya chuma, na pH kubwa ndiyo huyafungia. Nadhani pH yako imepanda, haijashuka. Pima uhakikishe.

Kibarazani
Mbona mnazunguka? Siki kijiko kimoja kwenye lita ya maji, mwagilia, pH inashuka siku hiyo hiyo. Mimi ndivyo ninavyofanya.

FundiVyungu
@Kibarazani inashuka kweli, ila haikai. Vijidudu vya udongoni hula ile asidi ya siki na pH inarudi ilikokuwa. Utamwagilia siki maisha yako yote.

Salfa ya unga ndiyo inayodumu. Bakteria huigeuza kuwa tindikali, kwa hiyo inahitaji joto, unyevu na wiki kadhaa. Anza na nusu ya kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko, pima tena baada ya mwezi. Salfeti ya alumini ni ya haraka lakini alumini ikizidi inaumiza mizizi. Kwenye nyanya siiweki.

MzeeWaMboji
Mimi ningeanza kwa kupunguza makapi meusi hadi nusu fungu na kuongeza kokopiti. Hiyo haihitaji mfuko wala mwezi. Na wanaosoma hapa wenye tatizo la kinyume, yaani wanaotumia piti tupu (mabaki ya mimea ya kinamasi) ambayo huanzia pH 3.5 hadi 4.5: chokaa ya dolomaiti gramu 3 hadi 5 kwa lita ya mchanganyiko, changanya, lowanisha, iache wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Majivu ya kuni hufanya kazi kwa kasi lakini yana chumvi nyingi, weka kidogo. Jasi haigusi pH. Magadi msiweke kabisa, sodiamu inaharibu mizizi.

Bi_Bustani
Hakuna aliyeuliza maji ya kumwagilia. Kijani, birika lako lina utando mweupe ndani? Kama lina, maji yana bikaboneti, ni kama kuweka chokaa kidogo kila unapomwagilia. Utarekebisha udongo leo, baada ya miezi miwili umerudi kule kule. Changanya na maji ya mvua, au tumia mbolea yenye amonia, nayo hushusha pH taratibu.

Kijani_Daima
Birika ni jeupe pepepe, dada. Asanteni sana wote. Nachukua kalamu. Wakati nasubiri salfa ifanye kazi, naweza kunyunyizia madini ya chuma?

FundiVyungu
Unaweza, ila soma kibandiko. Chuma huuzwa kikiwa kimeshikiliwa na kemikali ili kisifungwe udongoni: EDTA, DTPA au EDDHA. EDTA hulegea pH ya udongo ikipita 6.5 hivi. DTPA hufika karibu 7. Ukikuta umevuka 7.5, tafuta EDDHA, na hiyo imimine kwenye udongo, usiinyunyizie majani.