MJADALA: Vibao vya historia Kariakoo viwekwe sasa, au utafiti utangulie?

Mleta mada: Wakuu, nyumba za Kiswahili za Kariakoo zinaisha. Zile za vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, baraza mbele, jiko na choo uani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Sultani Majid alianza kujenga Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1860. Hesabu wenyewe: jiji karibu lote limeachwa nje, labda waziri atangaze jengo mojamoja. Makanisa na maboma yana watetezi, lakini wapagazi, makuli waliogoma bandarini 1939, 1943 na 1947, na kina mama wa ngoma hawana hata ukuta. Hoja yangu: tuweke vibao sasa hivi, utafiti utafuata.

Mtunza nyaraka: Hapana mkuu. Kibao kikishapigwa ukutani, kosa lake linanukuliwa na vitabu. Anza na namba ya kiwanja na kitalu, usianze na jina la mtaa, maana mitaa imebadilishwa majina: Samora ilikuwa Independence, na kabla ya hapo Acacia, Uhuru ilikuwa Kichwele. Namba ya mlangoni nayo si namba ya kiwanja, na hapo ndipo wengi wanapoangukia nyumba ya jirani. Ukishapata kiwanja, pitia magazeti: Mambo Leo kuanzia 1923, Tanganyika Standard kuanzia 1930, Kwetu ya Erica Fiah kuanzia 1937. Soma barua za wasomaji na habari za mahakamani, ukurasa wa mbele una magavana tu. Mgomo utafute kwenye majalada ya kazi na polisi. Ukitafuta kwenye majalada ya mji utatoka mikono mitupu na kudhani haukutokea. Na jina moja la mtu lijaribu kwa tahajia tatu nne, karani aliandika alivyosikia.

Mrekodi wa wazee: Nyaraka hizo ziliandikwa na bosi. Mwanamke aliyepika pombe utamkuta humo siku aliyotozwa faini, basi. Wazee lazima wahojiwe, ila kwa utaratibu. Wahoji mmojammoja, kwa sababu barazani mwenye sauti kubwa huwasahihisha wenzake na mwisho unabaki na habari moja. Usiulize "Je, TANU walikutana hapa?" Mzee mwenye adabu atakujibu ndiyo ili asikuvunje moyo. Uliza jirani wa kushoto alikuwa nani, maji yalichotwa wapi, kodi alipewa nani. Akisema "wakati wa vita", muulize ni vita ya Mjerumani au ya Hitler. Usipouliza umekosea miaka ishirini na zaidi. Zima feni, weka kinasa karibu na mdomo, hifadhi nakala mbili mahali tofauti. Kabla ya kutangaza chochote, rudi ukamwombe ruhusa tena.

Mtetezi wa wenye nyumba: Mnazungumza kama nyumba hizo hazina mwenyewe. Jengo likitangazwa, mwenye mali habadilishi kitu bila kibali. Boriti inaliwa na mchwa, chumvi ya ardhini inapanda ukutani. Fundi anapiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani na udongo unamomonyoka nyuma yake. Dawa ni plasta ya chokaa, na mafundi wake siku hizi wa kutafuta. Nani analipa? Kibao kiwekwe kwenye ukuta wa ghorofa jipya, kiwanja ni kilekile.

Mtunza nyaraka: Hilo naliunga mkono. Kuhusu haraka, tazameni Sanamu ya Askari ya 1927, ya kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza, pale ilipokuwa kabla sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Maandishi yake yanawataja wapagazi na kuahidi kwamba aliyepigania nchi, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina la mpagazi hata mmoja halipo. Shaba ilikuja mapema, majina hayajaja mpaka leo.

Mleta mada: Sawa, tugawane. Kibao kiwe cha muda, kiwe na mistari miwili: "Nyaraka zinaonyesha..." na "Wazee wanasimulia...". Mstari mmojawapo ukikosekana, hakipigwi msumari. Na kibali cha kubomoa kisitoke bila picha za pande zote nne, mchoro wa vyumba wenye vipimo, na namba ya kiwanja. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye futi na simu.

Mrekodi wa wazee: Ongeza majina ya wapangaji wa mwisho na walikohamia. Nyumba ikishuka, wapangaji wanatawanyika Mbagala na Gongo la Mboto, na huko hakuna anayejua waliishi mtaa gani.

Mtetezi wa wenye nyumba: Na fomu yenye taarifa hizo akae nayo nani? Ikibaki kwa ofisa vibali itafungwa kamba na kuwekwa juu ya kabati. Nakala iende Nyaraka za Taifa, nyingine apewe mwenye nyumba. Bila hivyo siungi mkono.