Kiuno kimenikaba, na rigi inanisubiri baada ya siku tisa

MpembaWaDekini:
Assalamu alaikum. Mie mtu wa Wete, kibarua wa dekini kwenye rigi, yaani mtambo wa kuchimbia mafuta, huko Ghuba, mwaka wa sita sasa. Siku 28 kazini, 28 nyumbani, zamu ya saa 12.

Safari iliyopita tulipakua magunia ya baraiti kwa mikono, yale ya kuchanganyia matope ya kuchimbia. Gunia kilo 25, si kitu. Lakini ulitoe kwenye paleti chini ya magoti, ujipinde nalo, ulimwage kwenye mdomo wa mashine usawa wa kifua. La arubaini na kitu hivi, nikasikia "tki" kiunoni kushoto. Nikanyamaza. Usiku ule nilikipanda kitanda cha juu kwa magoti na viwiko.

Sasa bi mkubwa ananikanda kila usiku kwa mafuta ya makonyo, chumba kinanuka ghala la karafuu. Nalala vyema, asubuhi yale yale, na yameshateremka mpaka nyuma ya goti. Kuvaa soksi mtihani.

Nimwambie daktari wa rigi au ninyamaze? Mwenzetu mmoja alisema goti linamuuma, hakuitwa tena.

MzeeWaMkoani:
Kijana wangu, mie nilinyamaza miaka minne. Langu bega, kwa zile kabari za chuma zinazobana bomba kwenye sakafu ya rigi. Mnaziinua watu wawili watatu. Mabomba matatu yaliyoungwa ni kama mita 27, basi kisima cha mita 3,000 ni zaidi ya mara 100 kuyatoa tu, hujayarudisha. Mkataba ulipokwisha nikadai. Wakaniuliza: imeandikwa wapi? Haikuandikwa popote. Leo kanzu navalishwa.

BiMazoezi:
Kaka, mie nafanya mazoezi ya viungo kwa wagonjwa, spitali moja Unguja. Maumivu yakiteremka mguuni, huenda mshipa wa fahamu unabanwa kiunoni. Nenda ukapimwe kabla ya safari, si baada. Ukiona mguu unalegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo umekataa au unakutoka wenyewe, usingoje kuche.

Usijilaze kutwa, tembea kidogo kidogo. Mengi ya namna hii hutulia ndani ya wiki chache. Makonyo hayana neno, ila diklofenaki, zile dawa za maumivu, msizitafune kama njugu, tumbo na figo ndizo zinazolipa.

Na hiyo paleti, kwani hamwezi kuiweka juu ya paleti tupu mbili tatu? Gunia lianzie usawa wa paja. Kisha geuza miguu, usigeuze kiuno.

Kipanga_Chake:
Tangu mkataba wa kutafuta mafuta kwetu utiwe saini 2018 tunaulizana ajira zitakuwa ngapi. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia habari za viuno 😂 Pole lakini, sheikh.

MpembaWaDekini:
Ahsanteni. Nimemwandikia msimamizi: tarehe, zamu ya usiku, magunia, upande wa kushoto. Kanijibu neno moja, "Imepokelewa". Nimelipiga picha, nimelihifadhi. Kesho asubuhi nakwenda Chake kupimwa. Bi mkubwa kauliza kama leo hakandi, nimemwambia akande.